Makaratasi Yanayoipa Nyumba Lebo ya Nishati

Lebo ya nishati ya nyumba ni tamko kwamba jengo fulani linatumia umeme, gesi au mafuta kwa kiasi kidogo kuliko nyumba za kawaida za aina yake, na tamko hilo, tofauti na mengi yanayosemwa na wauza nyumba, linahusu mambo ambayo mnunuzi hana njia ya kuyaona kwa macho. Vigae, rangi na makabati ya jikoni huonekana siku ya kwanza, lakini kihami joto, yaani sufu ya kioo au povu linalojazwa ndani ya kuta na juu ya dari ili joto lisipenye, hufunikwa miezi kadhaa kabla mnunuzi hajakabidhiwa funguo, na hewa inayovuja kwenye maungio ya mifereji ya kiyoyozi haionekani kabisa. Ubora wa namna hiyo hauwezi kuthibitishwa baadaye isipokuwa kwa kubomoa, au kwa kusoma kumbukumbu zilizoandikwa wakati ujenzi ukiendelea na mtu asiye na faida yoyote katika mauzo ya nyumba hiyo. Kwa sababu hiyo makaratasi, ambayo wajenzi wengi huyahesabu kuwa usumbufu, ndiyo yanayobeba thamani yote ya lebo.

Mipango ya lebo hizi ni ya aina mbili. Ipo ya lazima, kama ile ya Umoja wa Ulaya, ambako agizo la mwaka 2002 liliziamuru nchi wanachama kuhakikisha kwamba cheti cha matumizi ya nishati kinapatikana kila nyumba inapojengwa, inapouzwa au inapopangishwa. Ipo pia ya hiari, ambamo mjenzi hujiunga kwa kupenda kwake kwa matumaini kwamba lebo itamsaidia kuuza, kupata mkopo nafuu au kupunguziwa kodi. Mpango wa hiari hauna faini wala mahakama ya kumfikishia mjenzi anayekiuka masharti kwa uzembe. Uwezo wake karibu wote ni kutoa lebo au kuinyima. Watu wakishaanza kushuku kwamba lebo hutolewa ovyo, mpango mzima hubaki jina tupu, na kwa hiyo masharti ya makaratasi katika mipango ya hiari mara nyingi huwa makali kuliko inavyotarajiwa kwa jambo ambalo hakuna anayelazimishwa kulifanya.

Mfano unaofaa kuchunguzwa kwa undani ni mpango wa Marekani uitwao ENERGY STAR, ambao ulianzishwa mwaka 1992 na shirika la serikali la kulinda mazingira, linalojulikana kwa kifupi kama EPA. Lebo za kwanza zilikuwa za kompyuta na skrini zake, na mwaka 1995 mpango ukaanza kuhusisha nyumba mpya. Ili kupata lebo, nyumba haina budi kutumia nishati pungufu kwa asilimia 10 au zaidi ikilinganishwa na nyumba iliyojengwa kwa kufuata kanuni za kawaida za ujenzi, na hadi sasa zaidi ya nyumba milioni 2 zimekwisha kuthibitishwa. Shirika lenyewe halimtozi mjenzi ada ya kujiunga, wala halipeleki maofisa wake kukagua kila nyumba. Kazi hiyo hufanywa na wakaguzi binafsi wanaolipwa na mjenzi, jambo ambalo mara moja huibua swali la uaminifu, kwa kuwa anayekaguliwa ndiye anayemlipa anayemkagua.

Swali hilo halikubuniwa na wenye wivu. Mwezi Machi 2010 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, iitwayo kwa kifupi GAO, ilitoa ripoti ya uchunguzi wa siri ambao watumishi wake waliuendesha kwa kuunda kampuni za uongo na kuomba lebo ya ENERGY STAR kwa bidhaa 20 ambazo hazikuwapo. Bidhaa 15 kati ya hizo zilipewa lebo, miongoni mwake saa ya kengele iliyodaiwa kuendeshwa kwa petroli na kifaa cha kusafisha hewa ambacho picha yake ilionyesha kifutio cha vumbi cha manyoya kilichobandikwa juu ya hita. Kilichoruhusu hali hiyo ni kwamba wakati huo watengenezaji wa aina nyingi za bidhaa walijaza fomu wenyewe na kujithibitishia wenyewe, na fomu zikapokewa bila mtu wa tatu kukiona kifaa. Kuanzia mwaka 2011 kila bidhaa ilitakiwa kupimwa katika maabara inayotambuliwa na kuthibitishwa na taasisi huru. Uchunguzi ule ulihusu vifaa na haukugusa nyumba, ambazo tangu awali zilikuwa na wakaguzi wa nje, lakini ulidhihirisha jambo linalouhusu kila mpango wa lebo, kwamba fomu iliyojazwa vizuri na mtu ambaye hakuna anayemhakiki haithibitishi chochote.

Hati ya kwanza katika safari ya nyumba ni mkataba wa ubia, ambao mjenzi hutia saini na EPA kabla hajaruhusiwa kuitumia nembo, na pamoja nao hupitia mafunzo mafupi kwa njia ya intaneti yanayomweleza masharti. Hatua hiyo ni nyepesi. Baada yake mjenzi humtafuta mkaguzi wa nishati, yaani mtu aliyesomea kazi ya kupima na kukadiria matumizi ya nishati katika majengo, akafanya mtihani na kusajiliwa chini ya kampuni ya usimamizi, ambayo nayo huwajibika kwa taasisi ya kitaifa. Taasisi kubwa zaidi ya aina hiyo ni RESNET, iliyoanzishwa mwaka 1995, na ndiyo inayosimamia kipimo maarufu kiitwacho HERS. Katika kipimo hicho nyumba ya mfano, iliyowekwa kwa kuzingatia kanuni za ujenzi za mwaka 2006, hupewa alama 100, na nyumba ambayo kwa mwaka mzima haitumii nishati zaidi ya ile inayoizalisha yenyewe hupewa 0. Kila alama moja ni sawa na asilimia 1, hivyo kwamba nyumba yenye alama 60 inakadiriwa kutumia pungufu kwa asilimia 40 kuliko ile ya mfano. Alama ndogo ndiyo nzuri, na jambo hilo lafaa kusisitizwa kwa wasomaji waliozoea alama za shuleni.

Kabla msingi haujachimbwa, mkaguzi huingiza michoro ya nyumba katika programu ya kompyuta na kupata alama ya makadirio. Michoro hiyo inapaswa kueleza unene na aina ya kihami joto katika kila ukuta, sakafu na dari, aina ya vioo vya madirisha, mwelekeo wa jengo na uwezo wa mitambo ya kupasha joto na kupooza hewa. Pamoja na michoro huja ripoti ya usanifu wa mitambo hiyo, ambayo kati ya makaratasi yote ya mpango huu pengine ndiyo inayowakera wajenzi zaidi na ndiyo inayostahili kutetewa zaidi.

Umuhimu wake unatokana na desturi iliyoenea katika biashara ya viyoyozi, si Marekani pekee, ya fundi kukisia ukubwa wa mtambo kwa kuangalia ukubwa wa sakafu na kisha kuongeza kidogo ili mteja asije kulalamika. Mtambo uliozidi mahitaji hupooza chumba haraka mno na kujizima kabla haujatoa unyevu wa kutosha hewani, halafu huwaka tena baada ya muda mfupi, na katika miji yenye joto na unyevu kama Houston matokeo yake ni nyumba yenye ubaridi wa majimaji, bili kubwa na mtambo unaochakaa mapema. Ripoti ya usanifu inamlazimisha mhandisi wa mitambo kuacha kukisia: hana budi kuandika halijoto ya nje aliyoitumia, ambayo hupangwa kwa kila wilaya, idadi ya wakazi, ambayo hupatikana kwa kuhesabu vyumba vya kulala na kuongeza mtu 1, eneo la sakafu, eneo la madirisha, na kiasi cha joto kinachoingia na kutoka kulingana na upande ambao nyumba inaelekea. Hesabu zenyewe hufuata miongozo ya chama cha wakandarasi wa viyoyozi cha Marekani, ambayo mafundi huitaja kwa herufi tu: Manual J kwa hesabu ya joto, Manual S kwa uchaguzi wa mtambo na Manual D kwa usanifu wa mifereji ya hewa.

Ripoti hiyo haiishii kuwekwa kabatini. Mkaguzi huilinganisha na michoro ya nyumba yenyewe, kipengele kwa kipengele, akiwa na mipaka iliyotajwa wazi ya tofauti zinazoruhusiwa. Eneo la sakafu lililotumika katika hesabu, kwa mfano, haliruhusiwi kupungua chini ya lile la nyumba halisi kwa zaidi ya futi za mraba 100 wala kulizidi kwa zaidi ya futi za mraba 300. Mipaka hiyo, isiyo sawa pande zote mbili, imewekwa kwa sababu wajenzi wakubwa hutumia mchoro mmoja kwa nyumba nyingi zenye tofauti ndogondogo, na mpango umekubali kwamba ripoti moja inaweza kutumika kwa nyumba zaidi ya moja mradi tofauti zisivuke kiasi hicho. Hapa inaonekana busara ya waliotunga masharti, kwani hawakudai ripoti mpya kwa kila nyumba, jambo ambalo lingewafukuza wajenzi, na pia hawakuacha ripoti ya nyumba moja itumike kwa jengo lisilofanana nayo.

Ujenzi ukishaanza, hati inayotawala ni orodha ya ukaguzi wa eneo la kazi. Orodha hii inahusu mambo kama ubora wa usakinishaji wa kihami joto, vizuizi vya hewa, kuzibwa kwa nyufa, mahali ambapo mbao au vyuma vya ukuta hupitisha joto kutoka upande mmoja hadi mwingine, mifereji ya hewa, uingizaji wa hewa safi, vichujio na usalama wa mitambo inayochoma gesi. Mbele ya kila kipengele kuna visanduku vinne: cha kwanza huwekwa alama ikiwa kuna kasoro ya lazima kurekebishwa, cha pili ikiwa mjenzi ndiye aliyehakikisha, cha tatu ikiwa mkaguzi mwenyewe ndiye aliyehakikisha, na cha nne ikiwa kipengele hicho hakihusiki na nyumba hiyo. Kisanduku cha pili kimewekewa kikomo, maana mkaguzi akipenda anaweza kumruhusu mjenzi kujihakikishia vipengele visivyozidi 8, na vingine vyote lazima avione mwenyewe. Kikomo hicho kidogo ndicho kinachotenganisha ukaguzi wa kweli na mazoea ya kujithibitishia yaliyofichuliwa mwaka 2010.

Wakati wa kujaza orodha una uzito kuliko orodha yenyewe. Mkaguzi kwa kawaida hufika mara mbili, na ziara ya kwanza haina budi kufanyika baada ya kihami joto kuwekwa lakini kabla mbao za jipsamu hazijapigiliwa ukutani. Mfano mmoja unatosha kueleza sababu. Katika nyumba nyingi beseni la kuogea huwekwa mapema, wakati fundi bomba anapofika, na mara nyingi huegemezwa kwenye ukuta wa nje. Mafundi wa kihami joto wanapokuja baadaye hukuta beseni limeshakaa na hawawezi kufikia nyuma yake, kwa hiyo sehemu hiyo ya ukuta hubaki tupu, na kila majira ya baridi mwenye nyumba huoga karibu na ukuta baridi kama jiwe bila kujua chanzo. Orodha ya ukaguzi inataja kwa jina ukuta ulio nyuma ya beseni na bafu, pamoja na ule ulio nyuma ya ngazi na meko, na inamtaka mkaguzi aone kizuizi cha hewa kimewekwa hapo. Mlango mdogo wa kupandia darini nao umetajwa, kwamba uwe na kihami joto na ukanda wa kuzuia hewa pembeni. Ziara ikichelewa kwa siku mbili tu na jipsamu ikapigiliwa, mkaguzi mwaminifu hawezi kuweka alama yoyote kwenye vipengele hivyo, na nyumba inaweza kukosa lebo hata kama kazi ilifanywa vizuri.

Ziara ya pili hufanyika nyumba ikiwa imekamilika. Feni kubwa hufungwa kwenye mlango wa mbele na kuvuta hewa ya ndani hadi tofauti ya shinikizo kati ya ndani na nje ifikie paskali 50, kiasi kinachokaribiana na nguvu ya upepo wa kilomita 32 kwa saa ukivuma pande zote za nyumba kwa pamoja, na mkaguzi huandika kiasi cha hewa kinachopenya kupitia nyufa. Mifereji ya hewa nayo hupimwa uvujaji, na mtiririko wa hewa safi hupimwa ili kuhakikisha kwamba nyumba iliyozibwa vizuri haiwi nyumba isiyopumua. Matokeo hayo huingizwa kwenye programu badala ya makadirio ya awali, na alama ya mwisho huhesabiwa upya.

Mkandarasi wa kiyoyozi ana fomu yake pia, ya kuwasha na kurekebisha mtambo, ambayo hujazwa na kampuni iliyopewa ithibati na taasisi inayotambuliwa na mpango. Ndani yake huandikwa vipimo vya gesi ya kupoozea, kwa mipaka ya nyuzi chache za joto, na vya mtiririko wa hewa. Mjenzi kwa upande wake hukubali masharti ya kudhibiti maji, kama vile kuinamisha ardhi inayozunguka nyumba kwa nusu inchi katika kila futi moja hadi umbali wa futi 10 kutoka ukutani, ili mvua isirudi kwenye msingi. Huenda msomaji akajiuliza maji ya mvua yanahusiana vipi na nishati. Nyumba iliyozibwa dhidi ya hewa hukauka polepole zaidi kuliko ile inayovuja, na unyevu ukiingia ukutani huozesha mbao na kuotesha ukungu, kwa hiyo mpango unaodai nyumba izibwe una wajibu wa kudai pia ikingwe dhidi ya maji.

Makaratasi haya yote huunganishwa katika jalada la nyumba, na jalada hilo nalo lina mkaguzi wake. Kanuni za RESNET zinaitaka kampuni ya usimamizi kupitia upya majalada ya asilimia 10 ya nyumba ambazo kila mkaguzi amezithibitisha, na kwenda kupima upya nyumba zenyewe kwa kiwango cha asilimia 1. Asilimia 1 inaweza kuonekana ndogo, na kwa kweli ni ndogo. Kinachoipa nguvu ni kwamba mkaguzi hajui ni nyumba ipi itakayopimwa upya, na kwamba akikutwa ameandika asichokiona anaweza kupoteza ithibati ambayo ndiyo riziki yake. Hivyo ndivyo mpango ulivyojaribu kulijibu lile swali la mkaguzi kulipwa na anayekaguliwa. Jibu hilo halijakamilika, maana mjenzi mkubwa mwenye mamia ya nyumba bado anaweza kumwacha mkaguzi mkali na kumwendea aliye mlegevu, lakini ni bora mara nyingi kuliko mfumo wa kujithibitishia.

Udhaifu mwingine unatokana na ruhusa ya kupima kwa sampuli, ambapo katika mtaa wenye nyumba zinazofanana mkaguzi anaweza kupima nyumba 1 kati ya kila 7 na nyingine zikapokea matokeo hayo, isipokuwa kasoro ikionekana, ndipo nyumba zaidi hupimwa. Utaratibu huo hupunguza gharama kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo mnunuzi wa nyumba ambayo haikupimwa hupata lebo ileile na mnunuzi wa ile iliyopimwa, na haki ingedai kwamba tofauti hiyo ielezwe waziwazi kwenye cheti chake.

Lebo yenyewe, baada ya yote hayo, ni karatasi ndogo ya kubandika ambayo kwa kawaida huwekwa kwenye sanduku la umeme lenye swichi za kukatia, na nyumba husajiliwa katika daftari la kitaifa. Jalada linaweza pia kufungua mlango wa nafuu ya kodi. Sheria ya mwaka 2022 iliongeza nafuu kwa mjenzi wa nyumba ya familia moja yenye lebo ya ENERGY STAR hadi dola 2,500, ambayo hudaiwa kwa fomu ya kodi namba 8908, na mjenzi asiyeweza kuonyesha hati za uthibitisho akitakiwa na mamlaka ya kodi huikosa. Sheria nyingine ya Julai 2025 imeiwekea nafuu hiyo ukomo, hivyo kwamba haitahusu nyumba zitakazonunuliwa baada ya tarehe 30 Juni 2026. Mwaka huohuo wa 2025 magazeti ya Marekani yaliripoti mpango wa serikali wa kuufuta kabisa ENERGY STAR, na miongoni mwa walioitetea lebo hiyo yalikuwa makundi ya wafanyabiashara wenyewe, jambo linaloonyesha kwamba makaratasi yanayolalamikiwa yana faida kwa wanaoyajaza.

Katika Afrika Mashariki mpango wa hiari unaokaribiana zaidi na huo ni EDGE, uliobuniwa na shirika la IFC la Kundi la Benki ya Dunia kwa ajili ya nchi zinazoendelea. Masharti yake ni matatu kwa pamoja: jengo liokoe angalau asilimia 20 ya nishati, asilimia 20 ya maji, na asilimia 20 ya kaboni inayotolewa katika kutengeneza vifaa vyake vya ujenzi, yaani saruji, chuma, matofali na mengineyo, ikilinganishwa na jengo la kawaida la mahali hapo. Jijini Nairobi kampuni ya Acorn iliitumia ithibati hiyo kwa mabweni yake ya wanafunzi, na mwaka 2019 ilitoa hatifungani ya kijani ya kwanza nchini Kenya, yenye thamani ya shilingi bilioni 4.3, ambayo baadaye iliorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi. Hatifungani ya kijani ni mkopo unaochukuliwa kwa umma kwa ahadi kwamba fedha zitatumika katika miradi inayohifadhi mazingira, na mwekezaji aliyeko mbali hana njia ya kuihakiki ahadi hiyo isipokuwa cheti na jalada linalokitegemeza.

Makaratasi ya EDGE yamegawanyika katika awamu mbili. Katika awamu ya usanifu mwombaji huwasilisha michoro, hesabu na maelezo ya kiufundi ya vifaa anavyokusudia kutumia, na akifaulu hupewa cheti cha awali. Katika awamu ya baada ya ujenzi huwasilisha ushahidi kwamba alichokusudia ndicho alichojenga, kwa picha zenye tarehe, hati za kupokelea mizigo, risiti za ununuzi na maelezo ya mtengenezaji, kisha mkaguzi aliyeidhinishwa hutembelea jengo na kulinganisha. Vinavyoangaliwa hapa havifanani na vya Marekani, kwa kuwa adui wa nyumba ya Mombasa au Dar es Salaam ni jua na wala si theluji: uwiano wa madirisha na ukuta, vivuli juu ya madirisha, paa lenye rangi ya kuakisi mwanga, upepo wa kupita ndani, taa, feni za dari, bomba na vyoo vinavyobana maji.

Programu ya EDGE hutolewa bure kwenye intaneti, na mhandisi kijana anaweza kukadiria matokeo ya mradi wake kwa mchana mmoja. Ugumu wa kweli uko kwenye risiti. Katika miradi ya kampuni kubwa kuna ofisa ununuzi na ghala lenye daftari, lakini katika ujenzi wa mtu binafsi, ambao ndio unaojaza miji ya Afrika Mashariki, fundi hutumwa dukani na fedha taslimu, hununua bomba katika duka moja na taa katika jingine, na risiti, ikiwa ilitolewa, huishia mfukoni mwake. Nyumba ya namna hiyo inaweza kuwa na ubora wote unaotakiwa na bado isithibitike. Mashine za risiti za kielektroniki ambazo mamlaka za kodi za Tanzania na Kenya zimewataka wafanyabiashara wazitumie zimewekwa kwa ajili ya kodi, lakini zinaweza kumpa mjenzi mdogo ushahidi huuhuu bila gharama ya ziada, mradi risiti itaje aina na muundo wa kifaa badala ya neno moja la jumla kama "vifaa". Kanuni za Kenya za mwaka 2016 kuhusu lebo za vyombo vya umeme, ambazo zinahitaji majokofu na viyoyozi vionyeshe nyota za ufanisi, nazo humpunguzia kazi, kwa kuwa karatasi ya mtengenezaji huwa tayari imeambatana na kifaa.

Mamlaka za Afrika Mashariki zikitaka lebo za nyumba ziwafikie watu wa kipato cha kati, haitatosha kutafsiri fomu za nje na kuzisambaza. Masharti ya ushahidi yanahitaji kupunguzwa hadi yale machache yasiyoweza kuonekana baada ya ujenzi kukamilika, picha za simu zenye tarehe na mahali zikubaliwe kwa vile vilivyofichwa, na nguvu za wakaguzi zielekezwe kwenye ziara moja inayofanywa kwa wakati unaofaa, kabla ya lipu na dari. Fomu ndefu inayojazwa ofisini siku ya mwisho ina thamani ndogo kuliko ukurasa mmoja uliotiwa saini na mkaguzi akiwa amesimama mbele ya ukuta ulio wazi.

Mnunuzi naye ana sehemu yake. Awe ni familia ya Wakongo au Wakenya inayonunua nyumba mpya Texas, au mfanyakazi anayenunua fleti Nairobi, asiridhike na nembo iliyochapishwa kwenye tangazo. Kabla ya kulipa fedha za mwisho aombe kwa maandishi nakala ya cheti, matokeo ya kipimo cha uvujaji wa hewa au ripoti ya mkaguzi, na maelezo kama nyumba yake ilipimwa yenyewe au ilihesabiwa kwa sampuli. Muuzaji mwenye jalada hatachelewa kuzitoa.